Oklahoma wana kombe moja, lile la 1979 ni la Seattle

Juzi kati hapa Ngamiani, Tanga, kwenye kijiwe chetu cha kahawa kulitokea ubishi ambao mpaka leo haujaisha, na mi nimeona niuandike kabisa mana barazani mwenye sauti kubwa ndo anashinda. Dogo mmoja, fundi baiskeli, kijana anayeijua basketi kuliko wengi wetu, alikuja amevaa fulana ya Oklahoma City Thunder akasema timu yake ina makombe mawili ya NBA, ile ligi ya basketi ya Marekani. Nikamwambia dogo, moja. Akatoa simu, akatafuta, akanionesha: 1979 na 2025. Na kweli kwenye kumbukumbu za ligi iko hivo, wanaihesabu timu moja ile ile, ilianza Seattle mwaka 1967 ikahamia Oklahoma City mwaka 2008, makombe mawili, basi. Kwa karatasi dogo yuko sahihi. Ila mi nasema karatasi inakosea, na nataka nieleze kwa nini, alafu mtu akitaka kunipinga anipinge akiwa amesikia habari yote.

Mi Seattle nimeijua kwa mtumba. Nikiwa mdogo nilipata fulana soko la Mgandini, ya kijani, kifuani imeandikwa SONICS, mgongoni KEMP namba 40. Sikujua Kemp ni nani wala Sonics ni nini, niliipenda rangi. Kaka yangu ndo akanipeleka kwenye kibanda cha video Makorora, kulikuwa na mkanda wa fainali ya 1996, Chicago Bulls ya Michael Jordan na hao Sonics wa fulana yangu. Kibanda kizima kilikuwa cha Jordan, nani asiyempenda Jordan, Bulls msimu ule walishinda mechi 72 wakafungwa 10 tu. Sasa watu wanasahau kwamba Sonics nao walishinda 64. Shawn Kemp anaruka kama kafungwa springi miguuni, Gary Payton anamganda mtu mpaka mtu anakosa pa kupumulia. Wakafungwa fainali 4 kwa 2, na mi nikatoka pale nimeshachagua timu, kwaiyo sitaki mtu anidanganye kwamba naandika habari hii nikiwa katikati. Nina upande.

Swali lenyewe ni hili: timu ikihama mji, historia yake inapanda nayo lori au inabaki?

Kulijibu inabidi ujue iyo timu ilikuwa nini kwa watu wa kule. Mwaka 1967 Seattle ilikuwa mji wa Boeing kama Tanga ilivyokuwa mji wa mkonge, kiwanda kikilipa vizuri kila duka linauza, kikiyumba kila nyumba inajua. Boeing walikuwa wamepewa na serikali ya Marekani kazi ya kuunda ndege ya abiria inayokwenda kasi kuliko sauti, na timu ikapewa jina kutokana na iyo ndege, SuperSonics, watu wakafupisha Sonics. Ndege yenyewe haikuruka hata siku moja. Mwaka 1971 Bunge la Marekani likakata fedha, mradi ukafa, na Boeing ambao 1967 walikuwa na wafanyakazi kama laki 1 maeneo ya Seattle wakajikuta wamebaki na chini ya elfu 40. Jamaa wawili wakaweka bango kubwa karibu na uwanja wa ndege, wanamuomba mtu wa mwisho kuondoka Seattle azime taa.

Hapo mtu wa Tanga hahitaji kuelezwa sana. Wazee wetu walikuwa wanatoka zamu viwandani na baiskeli barabara nzima imejaa, huwezi kuvuka, alafu ikaja miaka viwanda vinafunga kimoja baada ya kingine na baiskeli zikapungua barabarani. Watu walishikilia nini? Walishikilia uwanja wa Mkwakwani. Coastal Union na African Sports, Wagosi wa Kaya na Wana Kimanumanu, mtu hana kazi lakini jumapili ana mechi. Seattle nao ivo ivo, kazi imekwenda, ndege imekufa, ila jina la ndege limebaki kwenye fulana za wale vijana wanaocheza ukumbi wa Coliseum. Ndo mana nasema ukiichukua timu kama hiyo ukaiita mali tu kama gari, kuna kitu hujakielewa.

Na Sonics hawakuwa timu ya kujaza namba. Kuna jambo moja walifanya ambalo limebadilisha ligi nzima na hata sisi Watanzania limetugusa, ingawa watu hawaliunganishi. Kulikuwa na kijana anaitwa Spencer Haywood, mtoto wa Mississippi, familia ya kuchuma pamba, bingwa wa Olimpiki wa 1968. Sheria ya NBA ilikuwa inasema mchezaji haruhusiwi kuingia mpaka ipite miaka 4 tangu amalize sekondari. Mwenye timu wa Seattle, Sam Schulman, akamsajili tu mwaka 1970 kabla miaka haijatimia. Ligi ikaja juu, wapinzani wakagoma, kesi ikapanda mpaka Mahakama ya Juu ya Marekani, na Machi 1971 majaji wakasimama na Haywood 7 kwa 2 kwamba aachwe acheze, mwishowe ligi ikakubali yaishe. Mlango ukafunguka. Wote unaowasikia walioingia mapema, Kobe Bryant, Kevin Garnett, LeBron James, wamepita mlango huo. Na Hasheem Thabeet wetu, mtoto wa Dar, futi 7 na inchi 3, aliyeondoka chuo cha Connecticut mwaka 2009 baada ya misimu 3 akachaguliwa namba 2 na Memphis Grizzlies, naye alipita mlango huo huo. Kwa sheria ile ya zamani angeambiwa subiri mwaka mwingine. Mi nilipoligundua hili nilikaa kimya muda mrefu kidogo.

Sasa kombe lenyewe. Watu wanataja 1979 kama tarehe tu, ila utamu wake uko 1978. Msimu wa 1977/78 Sonics walianza wameshinda 5 wamefungwa 17, kocha akaondolewa, akapewa timu Lenny Wilkens, mtu ambaye mji ulikuwa unampenda tangu alipokuwa mchezaji na kocha kwa wakati mmoja, alafu uongozi ukamuuza Cleveland mwaka 1972 watu wakaumia kweli kweli. Karudi, timu ikabadilika kama umewasha taa, wakaenda mpaka fainali, mechi ya 7, nyumbani kwao Seattle, wakafungwa na Washington Bullets. Na kwenye mechi iyo kijana wao Dennis Johnson alirusha mara 14 na haukuingia hata mmoja. Kumi na nne! Hebu jiweke wewe, fainali, watu wako wote wamekuja, mama yako anaangalia. Mwaka uliofuata fainali ikawa ile ile, Bullets tena, Sonics wakashinda 4 kwa 1, na mchezaji bora wa fainali akawa Dennis Johnson yule yule. Kulikuwa na Gus Williams, Jack Sikma, Fred Brown, Paul Silas mtu mzima anayewashika vijana mkono. Msimu uliofuata ukumbi wa Kingdome ukawa unaingiza zaidi ya watu elfu 20 kwa mechi moja ya basketi, hakuna timu iliyokuwa inaingiza watu kama wao kwenye ligi.

Ndo nikamuuliza dogo, we unaposema 1979 ni ya Oklahoma, nani pale Oklahoma alilia 1978? Mana kombe la 1979 bila machozi ya 1978 ni chuma tu. Aliyekaa kwenye kiti akaona mipira 14 inakataa kuingia, alafu akarudi tena mwaka unaofuata na moyo wake ule ule, uyo ndo mwenye kombe. Dogo akasema lakini mzee, historia ya ligi inafuata leseni ya timu. Nikamwambia leseni haikai jukwaani.

Miaka ya 80 nitaipita, haina mengi. Miaka ya 90 ndo ya Payton na Kemp na kocha George Karl, timu kali sana ambayo haikubahatika, na mfano mkubwa ni 1994, walishinda mechi 63, wa kwanza upande wa magharibi, wakatolewa raundi ya kwanza na Denver Nuggets walioingia wa nane. Ile picha ya Dikembe Mutombo, Mungu amrehemu, amelala chini ameukumbatia mpira anacheka peke yake, dunia nzima inaifurahia na mi naifurahia kama Mwafrika, ila upande wa pili wa picha ile kuna mji mzima umenyamaza. Ule nao ni urithi wa Seattle. Huwezi kuchukua kombe la 1979 ukaacha 1994, na sijawahi kumsikia mtu wa Oklahoma anadai 1994.

Tuje kwenye kuuzwa, mana hapa ndo pana maneno mengi na watu wengi wanaisimulia nusu.

Mwaka 2001 Howard Schultz, yule wa maduka ya kahawa ya Starbucks, alinunua timu kwa kama dola milioni 200. Alitaka ukumbi wa KeyArena ukarabatiwe kwa fedha za umma, na ukumbi wenyewe ulikuwa umejengwa upya 1995 tu, hata miaka 10 haijapita vizuri. Wakazi wakagoma. Na hapa lazima niwe mkweli hata kama ni upande wangu: mwaka 2006 watu wa Seattle walipiga kura, karibu robo tatu yao wakapitisha kwamba jiji lisitoe fedha za walipa kodi kwa timu za kulipwa mpaka ionekane jiji linapata faida. Walikuwa wameshalipia uwanja wa besiboli na uwanja wa futiboli ya Kimarekani miaka ile ile, wamechoka. Mi siwalaumu. Mtu anayeipenda timu yake bado ana haki ya kuuliza mbona tajiri hajengi mwenyewe. Schultz alikuwa ameshauza mwaka huo huo, kabla ya kura ile, kwa dola milioni 350, akawauzia matajiri wa Oklahoma wakiongozwa na Clay Bennett, watu wa mji ambao haukuwa na timu yake wenyewe ya NBA. Walisema watajitahidi kwa mwaka mzima kutafuta ukumbi mpya Seattle. Wakaomba ukumbi wa kama dola milioni 500 huko Renton, nje kidogo ya Seattle, bunge la jimbo likakataa. Agosti 2007 mmoja wa washirika, Aubrey McClendon, akaliambia gazeti waziwazi kwamba hawakuinunua timu ili ibaki Seattle. Ligi ikampiga faini ya dola laki 2 na nusu. Faini kwa kusema, yaani kwa kusema tu, lile alilolisema likaachwa liendelee.

Msimu wa mwisho Seattle walikuwa na kijana mpya mrembamba anaitwa Kevin Durant, wakashinda mechi 20 wakafungwa 62. Tarehe 13 Aprili 2008 mechi ya mwisho nyumbani, wakawafunga Dallas Mavericks 99 kwa 95, uwanja unaimba uiokoeni timu yetu. Jiji lilikuwa na mkataba wa ukumbi mpaka 2010, likaenda mahakamani, na Julai 2008 siku ya hukumu ikafika, kabla jaji hajasoma wakaelewana nje: dola milioni 45, timu iende. Na kwenye makubaliano yale kuna kipengele ambacho dogo wangu hakukijua, wengi hawakijui. Jina la SuperSonics, nembo na rangi zilibaki Seattle, Oklahoma hawana ruhusa ya kuzitumia. Historia ikaandikwa kwamba ni ya pamoja, siku Seattle ikipata timu nyingine watagawana. Sasa nauliza, wewe umenunua nyumba, umeambiwa jina lake acha, rangi yake acha, picha za ukutani acha, alafu unasema aliyeoza binti yake sebuleni humo miaka 30 iliyopita ni wewe?

Kuna jambo moja linaloonesha Oklahoma wenyewe wanaelewa. Hawakutundika bendera ya 1979 ukumbini kwao. Hawaadhimishi. Gary Payton ameshasema hadharani namba yake 20 haitaki kule, kama itatundikwa itundikwe Seattle. Kwaiyo wenyewe kwa wenyewe wanaheshimiana kuliko vitabu vya ligi vinavyoandika.

Sasa mtu asinielewe vibaya akadhani nawachukia watu wa Oklahoma. Hapana kabisa. Ule ni mji uliolipuliwa bomu mwaka 1995 wakafa watu 168, na mpaka leo timu ina utaratibu kwamba mchezaji mpya akifika anapelekwa kwanza kwenye mnara wa kumbukumbu ya wale waliokufa, ajue yuko kwa watu gani. Mi naona hilo ni jambo zuri kuliko dimba lolote. Na watu wa kule walilipa, Machi 2008 walipiga kura wakakubali kodi ya mauzo iongezewe muda wakarabati ukumbi, na Desemba 2023 wakapiga tena kwa zaidi ya asilimia 70 wajenge mpya wa si chini ya dola milioni 900. Seattle walisema hatulipi, Oklahoma wakasema tunalipa. Kila mji ulichagua kwa akili yake, na Oklahoma walichokilipia wamekipata: wamepata timu yao, na historia yao ambayo ni tamu yenyewe bila kuazima.

Ebu iangalie. Msimu wao wa kwanza, 2008/09, walianza wameshinda 3 wamefungwa 29. Wakamaliza 23 kwa 59. Na unajua Sonics msimu wao wa kwanza kabisa, 1967/68, walimaliza ngapi? 23 kwa 59. Hesabu ile ile, miaka 41 katikati. Mwingine ataona hiyo ni ishara kwamba ni timu moja. Mi naona kinyume, naona timu mbili, kila moja ilizaliwa ikatambaa kivyake, kila mji ulikula shubiri yake mwenyewe kwa kipimo sawa.

Alafu Durant akakua, Russell Westbrook akaja, Serge Ibaka wa Kongo Brazzaville, na James Harden ambaye kwenye drafti ile ya 2009, yaani zoezi la timu kuchagua vijana wapya, alichaguliwa namba 3, yaani mara tu baada ya Thabeet wetu. Mwaka 2012 wakafika fainali wakafungwa na Miami Heat 4 kwa 1. Kiangazi kile Thabeet akasajiliwa Oklahoma, na sisi huku tuliokuwa hatuna habari na Oklahoma tukaanza kuifuatilia kwa sababu yake. Msimu wa 2012/13 alicheza mechi 66, timu ikashinda mechi 60, uliofuata akacheza 23 alafu safari yake ya NBA ikafikia mwisho, baadae akacheza mpaka Japani na Taiwan. Watu wengi hapa nyumbani wanamhukumu Thabeet kwa ile namba 2 aliyochaguliwa, mi naona wanamkosea, mana mtu aliyechelewa kuanza basketi akiwa Dar akafika akapangwa na Durant na Westbrook ni mtu wa kusimuliwa kwa heshima. Na kurasa zake zile za Oklahoma ni za Oklahoma, sisi hatuwezi kusema Memphis wazichukue wala Seattle wazichukue. Alicheza mbele ya watu gani? Mbele ya hao. Basi.

Mwaka 2016 wakaongoza 3 kwa 1 dhidi ya Golden State Warriors wakapinduliwa 4 kwa 3, na Julai Durant akaondoka kwenda kwa hao hao waliompindua. Ile ni 1978 ya Oklahoma, maumivu yao halali. Mwaka 2019 meneja wao Sam Presti akamtoa Paul George kwenda Clippers, akapewa kijana wa Kanada ambaye wengi hawakumjali, Shai Gilgeous-Alexander, pamoja na rundo la nafasi za drafti, na moja ya nafasi zile ndo ikaja kuwa Jalen Williams mwaka 2022. Wakakubali kufungwa misimu miwili, 22 kwa 50, alafu 24 kwa 58, watu wanaingia ukumbini wanajua leo tunafungwa. Mpaka msimu wa 2024/25 wakashinda 68 wakafungwa 14, na usiku wa Jumapili kuamkia Jumatatu, saa 9 usiku ya kwetu, Juni 2025, mechi ya 7 wakawafunga Indiana Pacers 103 kwa 91. Mi na yule dogo tuliangalia pamoja kwa simu moja, bando lake, nje mbwa wanabweka, na nilimpa mkono wa hongera kwa moyo safi. Kombe lako hilo mgosi, nikamwambia. Lako la kwanza. Ubishi wa kwanza kabisa ulianzia hapo hapo kwenye neno kwanza.

Hoja yake kubwa, na ni hoja nzito sitaidharau, ni Lakers. Anasema Los Angeles Lakers wanajihesabia makombe 17, matano kati ya hayo yalipatikana Minneapolis kabla hawajahama 1960, na hakuna anayelalamika, hata jina Lakers ni la maziwa ya Minnesota, Los Angeles maziwa hayapo. Kweli kabisa. Ila jambo likizoeleka halimaanishi lilikuwa haki, linamaanisha waliodhulumiwa wamezeeka. Na ligi yenyewe imeshaonesha kwamba inaweza kufanya vinginevyo: Charlotte walipokonywa Hornets 2002 ikaenda New Orleans, wakapewa timu mpya inaitwa Bobcats, na New Orleans walipobadilisha jina 2013, mwaka 2014 Charlotte wakarudishiwa jina lao na historia yao ya 1988 mpaka 2002. Ilirudi nyumbani. Sheria haikuvunjika, mbingu haikuanguka. Kwaiyo inawezekana, ni suala la kutaka. Seattle jina lao linatajwa kila zikija habari za kuongeza timu, mwaka 2013 walikaribia kabisa kuinunua Sacramento Kings waihamishe, wenye timu za NBA wakapiga kura 22 kwa 8 kuzuia, na mi nilifurahi ikazuiwa, mana Seattle kutibu kidonda chake kwa kumkata mwenzake lingekuwa jambo baya. Wamejengewa ukumbi mpya tangu 2021 chini ya paa lile lile la zamani. Wana Storm, timu ya wanawake, ambayo 2008 akina mama wa pale pale waliinunua kwa Bennett ikabaki, na imebeba ubingwa mara 4, tatu kati ya hizo baada ya wanaume kuondoka. Hili watu hawalisemi vya kutosha.

Sasa kwa nini mtu wa Tanga apoteze usiku kwa haya? Kwa sababu yanakuja hapa, yameshaanza. Ligi yetu ya mpira tumeona Ihefu ya Mbarali, Mbeya, ikahamia Singida ikawa Singida Black Stars. Tumeona Singida Fountain Gate ikahama Singida ikaenda Manyara. Sisemi waliofanya hivo wamevunja sheria, sisemi wana nia mbaya, mwekezaji anapeleka fedha zake anapoona panafaa. Nauliza kuhusu yule mzee wa Mbarali aliyekuwa anaenda uwanjani siku Ihefu inawafunga wakubwa. Siku ile anaiweka wapi? Ikiandikwa kwenye kitabu cha timu ya mkoa mwingine yeye anabaki na nini mkononi?

Leta kwetu. Coastal Union ilichukua ubingwa wa Tanzania mwaka 1988. Mji huu mpaka leo ukitaja 1988 mbele ya mtu mzima anabadilika uso. Mwaka 2016 timu zetu tatu, Coastal, African Sports na Mgambo JKT, zilishuka daraja msimu mmoja, zote tatu pamoja, sijui kama kuna mkoa umewahi kuonja kitu hicho, watu hapa walitembea kama wametoka mazikoni. Coastal ikarudi, 2023/24 ikamaliza ya nne, ikaenda kucheza Afrika. Tuseme kesho anakuja tajiri na hela halali, anainunua, anaihamishia Dodoma, anabadilisha jina. 1988 inakwenda Dodoma? Niliuliza hivyo kijiweni na palikaa kimya, hata muuza kahawa aliacha kugonganisha vikombe. Mzee mmoja aliyekuwa kimya tangu asubuhi akasema, wachukue timu, 1988 nilikuwa Mkwakwani mimi. Dogo akaniangalia, hakusema kitu, ila nilimwona amelipokea lile neno.

Ninachotaka ni kidogo na kinafanyika. NBA waandike 1967 mpaka 2008 Seattle, 2008 kuendelea Oklahoma, kama walivyoweza kuandika kwa Charlotte. Na huku kwetu timu ikiuzwa ikahama, mkataba useme waziwazi rekodi za mji zinabaki kwa mji, jina linabaki, mwenye fedha aende na nafasi yake kwenye ligi akaanze kuhesabu moja. Seattle walilipigania hilo wakiwa mahakamani wameshashikwa pabaya, wakapata jina na rangi tu. Sisi tuna nafasi ya kuliweka kabla ya kushikwa.

Ila karatasi peke yake haitoshi, mana mi mwenyewe nimeijua Seattle kwa sababu kuna watu waliandika nani alirusha mara 14 akakosa zote. 1988 yetu nani kaiandika? Goli gani, dakika gani, nani aliumia, nani alilala uwanjani? Yule mzee wa kijiweni anakaa karibu na Mkwakwani, magoti yanamsumbua lakini kumbukumbu ziko sawa kabisa. Nimeongea nae, amekubali, Jumamosi baada ya alasiri tunakwenda kwake. Dogo amesema atakuja na daftari, simu itarekodi sauti, na mi nitabeba kahawa na kashata.